Sheria ya Kusindikizana

Nchi ninayoisimulia haipo. Msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani, na akidhani kwamba aliwahi kuipita akiwa safarini, basi ajue alipita nchi nyingine, yenye viongozi wengine na vizuizi vingine. Hii yetu iliitwa Jamhuri ya Heshima. Ng'ambo ya kijito ilikuwapo Jamhuri ya Ukarimu, ambayo nayo haipo.

Kijito chenyewe kilikuwa chembamba. Wakati wa kiangazi, mwanamke aliyekuwa na mboga jikoni upande wa Heshima aliweza kuomba chumvi upande wa Ukarimu bila kupaza sauti, na chumvi ikafika kabla mboga haijaiva. Watu walivuka kwa kukanyaga mawe. Waliolewa huku wakazikwa kule, waligombana, walipatana, na mbuzi wao walilala popote giza lilipowakuta. Hali hiyo ilikuwa mbaya sana, ingawa wenyewe hawakuwa na habari. Walikuwa wakiishi kwa ujirani mwema pasipo kibali.

Kwa bahati nzuri marais wa nchi hizo mbili walikutana katika hoteli moja ya mbali, wakaketi meza moja kwa makosa ya mhudumu, na katika maongezi wakagundua kwamba nchi zao zinapakana. Walikumbatiana mbele ya wapigapicha. Waliporudi nyumbani kila mmoja aliunda Wizara ya Ujirani Mwema. Mawe ya kijitoni yaliondolewa kwa sababu hayakuwa na hadhi, likajengwa daraja refu la zege, na katika kila mwisho wa daraja likawekwa geti, ili urafiki uwe na mahali pa kuingilia na mahali pa kutokea. Katikati ya daraja walijenga Banda la Urafiki, lenye bati jekundu na viti vya plastiki, ambamo mkataba ulitiwa saini.

Siku hiyo Waziri wa Ujirani Mwema wa Heshima alitoa hotuba nzuri, nzuri kiasi kwamba wanafunzi waliopangwa juani kumsikiliza walianza kuanguka mmoja mmoja.

"Ndugu wananchi," alisema, "tangu enzi za babu zetu, mtu wetu akitembelewa humsindikiza mgeni wake. Hamwachi aende peke yake kama ng'ombe aliyekatika kamba. Je, serikali iwe na adabu ndogo kuliko raia wake? Kuanzia leo, hakuna mtu atakayetoka katika nchi hii bila kusindikizwa na serikali yake."

Watu wakapiga makofi. Waziri wa Ukarimu, ambaye hakuwa tayari kushindwa adabu hadharani, alisimama naye akatangaza kwamba katika nchi yake hakuna mgeni atakayeingia bila kupokewa, kukalishwa na kupewa chai, wala hakuna atakayeondoka bila kusindikizwa. Makofi yakazidi. Hakuna aliyejiuliza sheria hizo mbili zitafanyaje zitakapokutana darajani. Kusema kweli haikuwa kazi ya wananchi kujiuliza. Kulikuwa na kamati.

*

Bi. Mwanamkasi alikuwa mjane wa upande wa Heshima. Binti yake wa pekee, Hidaya, alikuwa ameolewa Ukarimu, katika nyumba iliyo karibu kabisa na kijito, wakati mawe yalipokuwa bado yapo. Sasa Hidaya alikuwa na mimba ya kwanza na mwezi wake ulikuwa umetimia. Mumewe alikuwa migodini, mama mkwe wake alikwisha kufariki. Kwa desturi ya pande zote mbili, mtoto wa kwanza huzaliwa bibi yake akiwa ameushika mgongo wa mzazi. Huyo bibi ndiye anayemkanda binti yake kwa maji ya moto na kumpikia uji wa pilipili manga mpaka arobaini itimie. Hidaya alikuwa ametuma neno fupi tu: mama aje mapema, kwa sababu anaogopa.

Bi. Mwanamkasi alitia kikapuni pilipili manga, mafuta ya nazi, na kanga kuukuu zilizolainika kwa kufuliwa, akafika getini asubuhi.

Alipokewa na Bwana Ndimbo, Msindikizaji Daraja la Pili, mtu mpole mwenye sare iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa. Bwana Ndimbo alimwamkia, akamwuliza habari za nyumbani, za shamba, za majirani, za kuku na za mvua, kwa kuwa sheria iliagiza salamu zisikatwe. Kisha alikichukua kikapu kwa mikono yake mwenyewe, akasema, twende mama yangu. Bi. Mwanamkasi alifurahi kweli. Alikuwa ameiona serikali ikichukua vitu vingi, lakini hakuwa amepata kuiona ikivibeba kumsaidia mwenyewe.

Mwisho wa daraja alisimama Bwana Mashauri, Mpokezi Mwandamizi wa Jamhuri ya Ukarimu, mwanamume mnene mwenye sauti ya taratibu. Aliwakalisha kibandani mwake, akawamiminia chai ya maziwa yenye tangawizi. Kwa sheria ya huko mgeni haulizwi shida yake kabla hajamaliza chai, na kikombe kikipungua huongezwa. Walikunywa hadi Mashauri aliporidhika. Hapo Ndimbo alisimama akaaga, na mambo yakaanzia hapo.

Mashauri naye alisimama. Alieleza kwamba Bwana Ndimbo amekunywa chai katika ardhi ya Ukarimu. Aliyekunywa chai ni mgeni, na mgeni anayeondoka husindikizwa. Isitoshe, mgeni mpya hawezi kuhesabiwa kuwa amepokewa kabla haijajulikana kwamba aliyemleta amefika kwake salama. Na kwa kuwa kumwacha mgeni kibandani peke yake ni kosa la jinai, ilibidi Bi. Mwanamkasi naye aongozane nao. Walirudi wote watatu, kikapu sasa kikiwa mkononi mwa Mashauri.

Kwenye geti la Heshima Ndimbo alikuwa amefika kwake, akashukuru. Lakini Mashauri alikuwa amesimama katika ardhi ya Heshima, tena akiwa amebeba mzigo wa raia wa Heshima. Ingekuwa sura gani kumwacha mtu kama huyo arudi peke yake? Ndimbo alikipokea kikapu, wakageuka. Walipofika Ukarimu birika lilikuwa linachemka.

Jua lilipofika utosini Bi. Mwanamkasi alikuwa bado hajatoka Heshima wala hajaingia Ukarimu, na tumbo lake lilikuwa limejaa chai. Aliuliza kwa upole kama mabwana hawa hawawezi kuagana katikati ya daraja. Wote wawili walimtazama kwa namna watu wazima wanavyomtazama mtoto aliyeuliza jambo la aibu mbele ya wageni. Ndimbo alimwambia kwamba kuagana katikati kulikwisha kujaribiwa. Kamati ilikutana, ikala, ikaahirisha, ikakutana tena, na ikashindwa kukubaliana ni nani ageuke kwanza, maana anayegeuka kwanza ndiye aliyemchoka mwenzake.

*

Mageti hufungwa wakati wa chakula, wakati wa mkutano, na wakati wa kujiandaa kwa mkutano. Wasafiri ambao kusindikizwa kwao hakujaisha huwekwa katika Banda la Urafiki. Humo Bi. Mwanamkasi alimkuta Bwana Tungaraza, mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Ukarimu, aliyekuwa akienda kuuza katika soko la Heshima. Vitunguu vyake vilikuwa vimeota majani njiani. Alikuwa amevipanda katika udongo ulioletwa kwa ajili ya maua ya mkataba, vikastawi, na sasa alikuwa anasubiri mavuno ya pili.

Tungaraza alimpangusia kiti. Alimwuliza anakwenda upande gani, na aliposikia akatikisa kichwa.

"Mimi nilikuwa nakwenda huko ulikotoka wewe, dada," alisema. "Soko bado liko penye mteremko?"

"Walilihamisha zamani, kaka."

"Ah." Alifikiri kidogo. "Basi angalau sikupotea njia."

Alimwonya pia asithubutu kusema kwamba amechoka. Msafiri mmoja alisema hivyo, akaletewa daktari, na daktari alipomaliza kumpima ikabidi asindikizwe. Hao bado wako njiani.

Watu wa bandani hawakuitwa waliokwama. Neno hilo lilikuwa limepigwa marufuku na wizara zote mbili. Waliitwa wageni wanaoendelea. Na wizara zilikuwa na kila sababu ya kujivunia, kwani redio ilitangaza kwamba tangu mkataba kutiwa saini idadi ya watu wanaolivuka daraja kwa siku imepanda kuliko wakati wowote katika historia. Redio ilisema kweli kabisa. Bi. Mwanamkasi peke yake alikuwa ameliinua taifa.

Kutoka bandani aliiona nyumba ya binti yake. Aliziona nguo kwenye kamba, akamwona Hidaya akizianua polepole, mkono mmoja kiunoni. Alitaka kumwita. Ndimbo alimzuia kwa heshima zote, akamweleza kwamba kupaza sauti kutoka nchi moja hadi nyingine ni mazungumzo yasiyosindikizwa. Maneno nayo ni wageni. Yanapaswa kutolewa upande mmoja na kupokewa upande wa pili.

Kesho yake asubuhi Hidaya alishuka mpaka kando ya kijito, ameinama, akazungumza na Mashauri. Hata katika hali ile alionekana akimshukuru na kumwomba radhi kwa usumbufu. Mashauri alitembea hadi katikati ya daraja, akayakabidhi maneno kwa Ndimbo, na Ndimbo akayafikisha akiwa amesimama wima.

"Mama, Jamhuri ya Ukarimu ina furaha kukuarifu kwamba raia wake, Bibi Hidaya, anakusalimu sana, anaulizia kuku, na kwamba tangu alfajiri kiuno chake kimeonyesha dalili za maendeleo."

Bi. Mwanamkasi alimkazia macho. "Amesema uchungu umeanza?"

"Neno uchungu halikupita, mama. Lingeweza kueleweka vibaya kati ya nchi na nchi."

Alimwomba Ndimbo amwambie Hidaya alalie ubavu wa kushoto, asisukume mapema, na amngoje mama yake. Ndimbo aliyachukua maneno hayo kwa uangalifu. Katikati ya daraja neno kushoto lilitolewa, kwani lilikuwa na harufu ya siasa. Neno kusukuma nalo lilitolewa, kwa sababu nchi hizo mbili zilikuwa zimeahidiana kwamba hazitasukumana. Na kumwambia mtu angoje kungeonyesha kwamba kuna ucheleweshaji. Yaliyobaki yalimfikia Hidaya yakiwa safi: mama yako anakusalimu.

Hidaya alishukuru.

*

Tungaraza alikuwa ameyaona hayo yote huku akipalilia vitunguu. Alimsogelea Bi. Mwanamkasi, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba ipo njia. Sheria ya Kusindikizana inawahusu watu wenye adabu tu. Aliwahi kuona mlevi mmoja akilipita daraja huku akitukana kulia na kushoto. Maofisa wa pande zote mbili walimgeuzia mgongo, mlevi akaenda zake, na sasa inasemekana ana duka.

"Mbona wewe hukufanya hivyo?" aliuliza Bi. Mwanamkasi.

"Nilijaribu, dada. Nilimwambia Bwana Ndimbo kwamba viatu vyake vichafu. Akavifuta, akanishukuru."

Bi. Mwanamkasi hakuwa amepata kumtukana mtu tangu azaliwe. Katika ujana wake aliwahi kumwita jirani mvivu, akafunga siku nzima kwa majuto. Lakini alimwona Hidaya ameketi chini kando ya kijito, kisha akamwona akitambaa kurudi ndani, na akili yake ikaamua. Alijitanda kanga vizuri, akamwendea Ndimbo getini.

"Wewe Ndimbo," alisema, "una kichwa kama kibuyu kilichokaushwa vibaya. Na hiyo sare umeiazima kwa mtu mwenye mabega."

Tungaraza alifumba macho. Mlinzi wa geti aliacha kutafuna.

"Mama," alisema Ndimbo hatimaye, "asili yenu ni wapi?"

"Bondeni."

Uso wa Ndimbo ukachanua. Alicheka mpaka akalishika geti asianguke, kwa kuwa yeye alikuwa mtu wa milimani, na watu wa milimani na watu wa bondeni ni watani tangu mababu zao walipogombea mbuzi mmoja akawafia wote. Matusi baina yao si matusi, ni dawa. Mtani humwibia mtani kuku mchana kweupe na kumcheka msibani kwake, na hakuna wa kuudhika. Ndimbo alisikitika kwamba muda wote huo alikuwa akimsindikiza kama mtu baki. Alimjibu, kwa mapenzi makubwa, kwamba watu wa bondeni huoga pale tu mvua inapowakamata, na kwamba vyura wenyewe wameomba kuhamishwa. Kisha aliwaita maofisa wenzake wa milimani waje nao watukanwe. Walipanga mstari. Kila mmoja alitaka la kwake.

Bi. Mwanamkasi aliwapa, kwa kuwa hakujua la kufanya. Alimwambia mmoja ana pua kama mpini, mwingine kwamba alizaliwa usiku na akawekwa kando kwa makosa. Walifuta machozi ya kicheko. Mwishowe Ndimbo alitangaza kwamba mtani hawezi kusindikizwa kikavu kama wasafiri wengine. Atasindikizwa kwa nyimbo, polepole.

Walikuwa katika ubeti wa pili, hawajafika hata bandani, sauti ilipotoka katika nyumba ya Hidaya. Haikuwa neno. Ilivuka kijito bila kusindikizwa na mtu, ikapita juu ya mageti yote mawili, ikafika. Maofisa waliisikia. Walishusha macho, wakaendelea kuimba, ila kwa sauti ya chini.

*

Bwana Mashauri hakuwa mtani wa mtu yeyote. Alikuwa mzaliwa wa mbali, kutoka bara la Ukarimu, ambako watu huheshimiana hadi ndani ya ndoto. Alipowaona wakija alivuta viti, akapangusa kikombe, akamimina chai, akampa Bi. Mwanamkasi kwa mikono miwili.

Bi. Mwanamkasi hakukaa. Alikipokea kikombe, akabaki amesimama nacho.

"Sitaki," alisema.

Mashauri alitabasamu. Alisema ni moto kidogo, mama asubiri ipoe.

"Sitaki chai yako. Si ya moto, si ya baridi. Kikombe chako kinanuka moshi, na kwako sitakaa."

Wimbo ulikatika. Katika nchi zile mtu aliweza kuchoma ofisi ya serikali akasamehewa siku ya sikukuu, lakini hapakuwa na kumbukumbu ya mtu aliyekataa chai aliyokwisha kumiminiwa. Ndimbo, ambaye alikuwa na moyo mwema, aliharakisha kusema kwamba mama huyu amefunga. Mashauri alikidaka kisingizio hicho kwa mikono yote.

"Umefunga, mama?"

Mlango ulikuwa umefunguliwa. Angesema ndiyo, heshima yake ingerudi nzima, na watu wangemsifu kwa ibada. Angebaki yule ambaye wanakijiji waliwaambia binti zao wawe kama yeye. Na angekaa kitini, mpaka magharibi ifike awe huru kuinywa. Ile sauti ya ng'ambo ilikuja tena, fupi zaidi.

"Sijafunga," alisema Bi. Mwanamkasi. "Nimeikataa."

Akainamisha kikombe, akaimwaga chai chini, mbele ya viatu vya Mpokezi Mwandamizi.

Mashauri aliketi. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. Alikuwa amewapokea mabalozi, alikuwa amempokea jambazi mmoja kwa bahati mbaya, na wote walikuwa wamemaliza vikombe vyao. Maofisa wa nchi zote mbili walikutana papo hapo, na kwa mara ya kwanza tangu mkataba utiwe saini walikubaliana bila kamati. Hukumu ilisomwa kwa pamoja, wasomaji wakiwa wamempa mgongo mwenye hatia kama utaratibu unavyotaka. Bi. Mwanamkasi alitangazwa kuwa Mtu Asiyestahili Kusindikizwa katika Jamhuri zote mbili. Asiamkiwe. Asikaribishwe. Asibebewe mzigo. Akitaka kupita apite, akitaka kurudi arudi, na mtu yeyote asimwulize hali.

Zipo nchi zinazonyonga watu. Heshima na Ukarimu hazikuwa katili kiasi hicho, lakini wazee waliosikia hukumu ile walisema heri kamba.

Ndimbo alikuwa bado ameshika kikapu. Bila kugeuka alikiweka chini nyuma yake, akakisukuma kwa kisigino mpaka kikamfikia mama. Hakuna kifungu kinachomkataza mtu kuweka mzigo chini.

Bi. Mwanamkasi alikichukua. Alimtazama Tungaraza, aliyekuwa amewafuata kwa nyuma na kupewa kikombe chake, akamwambia aje naye aimwage chai yake. Tungaraza alikitazama kikombe chake, akaligeukia banda, ambako majani ya vitunguu yalikuwa yamesimama mabichi.

"Nivune kwanza, dada," alisema.

*

Alishuka mteremko peke yake. Waliomwona njiani waligeuka. Katika nyumba ya Hidaya alikuwamo jirani mmoja aliyekuwa akipasha maji. Naye habari za hukumu zilikuwa zimekwisha kumfikia, hivyo alipomwona akaelekea ukutani, akaendelea kuchochea moto kwa kupapasa. Hidaya alikuwa mkekani, ameloa jasho. Alipomwona mama yake alijizoazoa ili apige magoti.

"Shikamoo, ma—"

"Nyamaza," alisema Bi. Mwanamkasi, akaushika mgongo wake. "Sukuma."

Mtoto alikuwa wa kike. Alifika akipiga kelele, bila hodi wala salamu.

Arobaini ilipita vizuri. Hidaya alikandwa, akanywa uji, akarudiwa na rangi yake. Bi. Mwanamkasi alivuka daraja kila alipotaka kwenda kuwatazama kuku wake, na kila alipopita maofisa waligeuka kwa pamoja kama watu walioitwa upande wa pili. Ndimbo peke yake alikohoa kidogo, na kikohozi hicho, kwa mtu wa bondeni, kilisikika kama tusi zuri. Lakini hakuna aliyesimama kuzungumza naye sokoni. Kisimani wanawake walivuta mitungi yao kando. Nyumbani kwake huko Heshima alilala bila kuitwa na mtu, na akawa anakaa zaidi Ukarimu, ambako pia hakuitwa na mtu.

Sasa ilibaki kumpeleka mtoto kwao mama yake, aonyeshwe nyumba ya ukoo na kaburi la babu yake, kwani mtoto ambaye hajaonyeshwa huhesabiwa kuwa bado yuko njiani. Bwana Mashauri alikuja mwenyewe kumkagua. Alimsalimu mtoto, mtoto hakuitikia. Alimnyoshea kijiko cha chai, mtoto akamtapikia mkononi. Mashauri aliufuta mkono, kisha akaamua kwamba huyu naye hastahili kusindikizwa, na aweza kupita wakati wowote mpaka atakapofundishwa.

Alibaki Hidaya. Alijaribu mara moja. Alifika getini akiwa amekaza moyo, mwanawe mgongoni na mama yake akitembea mbali kidogo ili asimponze. Mashauri alimwuliza ameamkaje, naye akajibu ameamka salama. Mashauri akauliza habari za mtoto, za mgonjwa wa jirani, za mume, na zote Hidaya alizijibu, akamwuliza yeye za kwake. Alipewa kikombe akapokea. Jioni mama yake alimkuta bado yuko darajani, anakwenda na kurudi katikati ya mabwana wawili, anatabasamu, macho yamemwiva kwa kulia.

Kwa hiyo siku iliyofuata Bi. Mwanamkasi alimlaza mtoto, akachemsha chai, akamketisha binti yake mkekani. Walianza tangu mwanzo.

"Sema: sitaki."

"Sitaki, mama."

"Usiseme mama."

"Sitaki. Asante."

"Ondoa asante."

Hidaya alikitazama kikombe. "Kwa neno hilihili ulinichapa," alisema. "Nilikuwa mdogo, mgeni alinipa ndizi nikasema sitaki. Ulinichapa mpaka jirani akaja kuamua."

"Nakumbuka."

"Ukaniambia hakuna mtu mwema anayelisema."

Bi. Mwanamkasi alikivuta kikombe kwake. Nje, watu wawili walipita njiani wakaona nani yuko ndani, wakanyamaza mpaka walipokuwa mbali.

"Tuanze tena," alisema.

Akamimina chai nyingine, akaitia tangawizi, akakishika kikombe kwa mikono yote miwili, namna apewavyo mtu anayeheshimiwa, akamnyoshea. Hidaya alivuta pumzi. Alifungua mdomo akatae. Lakini mikono yake, wa kulia mbele na wa kushoto ukiushikilia kwa chini, ilikuwa imekwisha kukipokea.